Unga wa Sifongo

Alhamisi, 25 Septemba 2025
Sifongo wa baharini ana kitu mwilini kinachoua seli za saratani. Bahari hatuna, kwa hiyo hapa Kigali tunakitengeneza wenyewe maabarani. Mimi kwa njia yangu, Leila Usumani kwa yake. Leo Profesa Silvère katamka: Jumatatu anachagua njia moja. Atakayeshindwa atamwoshea mwenzake vyombo. Leila akaitika, akarudi kuchuja vitu vyake polepole kama anawapikia wakwe chai. Mimi, Eustache Nduwayo, sioshi chupa za mtu.

Jumamosi, 27 Septemba
Umuganda, kazi ya jamii ya kila mwisho wa mwezi. Mji mzima umeshika majembe. Leila anazibua mitaro kwao Rebero. Mwenyekiti wa mtaa wetu wa Kagugu nilimwambia mgongo umekataa. Akanipa pole, akaahidi kuniombea. Alfajiri nikawa maabarani, peke yangu. Nikamwaga chumvi ya kufyonza maji kwenye dawa yangu. Kwa kawaida mtu huichuja chumvi, aitoe. Lakini kuchuja kunakula muda, na watu wangerudi. Nikakausha hivyo hivyo. Nimepata unga mweupe, tena mwingi!

Jumapili, 28 Septemba
Nimeupima. Una uzito kushinda dawa zote nilizoanza nazo. Natia kidogo, navuna kingi. Hicho ni kipaji. Nikampigia profesa simu. Akauliza kama mizani ni nzima. Kumbe hata wakubwa wana wivu.

Jumatatu, 29 Septemba
Loo, aibu. Mbele ya watu wote profesa kachota unga wangu, katia kwenye maji. Ukayeyuka karibu wote. Dawa ya sifongo haiyeyuki kwenye maji, hilo hata wa mwaka wa kwanza analijua. Leila akaniuliza kwa upole, kaka Eustache, ulichuja kweli? Nikamjibu hayo ni maswali ya kitoto. Ilikuwa chumvi. Njia yake imechaguliwa. Nilipiga makofi kwa vidole viwili.

Jumanne, 30 Septemba
Nimeosha chupa mpaka ngozi imejikunja. Leila kaniletea chai, kasema unga wake ukikamilika utajaribiwa kwenye seli za saratani, na jina langu litaandikwa chini ya lake. Chini! Hata hivyo nimeisoma njia yake yote. Kuna mahali dawa inakaa kwenye barafu siku nzima, eti isiharibike. Siku nzima ya nini? Kesho akienda kuswali adhuhuri, naitoa barafuni. Atanishukuru.