Chungu cha Mtindi cha Bibi

Jumatatu, 3 Juni

Shangazi kasafiri. Mimi ndiye mkuu wa jiko! Kaniachia kazi mbili tu: Babu ale kwanza ndipo ameze vidonge vyake vya moyo, na chungu cha mtindi kisikauke. Nikichota nibakize kidogo, nimwagie maziwa mapya. Ndivyo alivyofanya Bibi. Tangu Bibi atutoke, Babu asubuhi hali kitu ila mtindi huo. Daktari kaukubali, mradi usitiwe sukari.

Kazi ndogo kwa kichwa kama changu. Nimesoma kwenye simu mambo ya bakteria. Wapo wema, wapo wabaya. Nikachungulia chunguni. Utando wa tangu enzi za Bibi! Wabaya hao. Nimemwaga, nimesugua kwa sabuni, nimemalizia na maji ya moto. Kinang'aa. Nikatia maziwa mapya.

Jumanne, 4 Juni

Maziwa yamebaki maziwa. Tena yananuka sabuni. Babu kasukuma bakuli, vidonge kavigomea, mkono kifuani. Roho yangu mkononi!

Nikanunua mtindi wa dukani, nikaumimina chunguni kimyakimya. Babu kaonja, akaniuliza kama namwona mjinga.

Jiko limepoa. Zamani saa hizi Bibi angegonga kijiko ukingoni mwa chungu, nasi wajukuu mbio na vikombe, tunasukumana mlangoni.

Jumatano, 5 Juni

Mpango mpya! Jirani yetu, fundi cherehani, hasimu wa Bibi tangu ule ugomvi wa kamba ya nguo, naye hugandisha mtindi. Nikajifanya nimepeleka suruali ya kupunguza. Nichote kijiko, nitoroke. Kanidaka kijiko mdomoni mwa chungu chake. Kacheka mpaka kakohoa, kisha akanijazia kikombe.

"Mbegu hii ya kugandishia ni ya bibi yako, mjukuu wangu. Salamu nilimkatia. Mbegu yake sijawahi kuikatia maziwa."

Alhamisi, 6 Juni

Umeganda! Babu kala, kafuta bakuli kwa kidole, kakilamba.

"Hapa bibi yako angenigombeza," kasema, macho yamemlowa.

Vidonge kameza bila kubembelezwa. Nami nikagonga kijiko ukingoni. Sauti ileile.

Shangazi anarudi kesho. Hatajua kitu. Ila nimechungulia chunguni: utando umeanza tena! Dawa yake nimeshaisoma. Nautokosa mtindi wote kidogo tu, wabaya wafe, wema wabaki. Moto nimeshawasha.