Jina la Nne

Jumatatu, 21 Oktoba

Siku mbaya. Halafu nzuri. Naanza na mbaya.

Nimekwenda Malindi, hapa hapa mjini Unguja, kwa Bi Fatma, kumposa binti yake Lamya. Sikutuma mshenga. Nimekwenda mwenyewe, kisasa. Kosa! Bi Fatma alinikaribisha vizuri, kahawa, visheti. Kisha akauliza mimi wa nani. Jecha. Jecha wa nani? Wa Bakar. Bakar wa nani? Wa Ubwa. Ubwa wa nani?

Nikatazama dari. Boriti nzuri sana.

Sami alikuwepo. Sami! Mhasibu wa hoteli Kendwa, kila wiki analeta pweza, na anamtaka Lamya vilevile. Hakuulizwa kitu. Akajitajia mababu zake saba bila kuvuta pumzi. Wawili nadhani kawatunga. Bi Fatma akaniambia kwa upole nirudi nitakapokuwa na jina la nne, maana hawezi kumtoa mwanawe kwa mtu anayeishia kwa babu. Nilipotoka nikajikwaa kwenye ile spana kubwa inayozuia mlango wake usijifunge. Imepakwa rangi ya kijani pamoja na mlango, tena si mara moja. Kidole kimevimba.

Ningeweza kumuuliza Bibi Tabia, mjane wa babu Ubwa, yuko hapo Mtoni. Lakini Bibi Tabia ukimuuliza neno moja anaanzia mbali, na huku anasimulia wewe unakuna nazi. Nimeacha.

Sasa nzuri. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, bila kitambulisho lakini kwa moyo. Leo Shangani nimempata mzee wa Kiingereza, mstaafu wa posta, anaitwa Bwana Grizethwaite. Hatafuti fukwe. Hatafuti viungo. Anatafuta watu wenye jina lake! Ameshona ramani ya dunia kwenye kitambaa, na kila penye Grizethwaite kuna pini nyekundu. Kaskazini mwa Uingereza, milimani, zimesongamana. Kanada chache. Nyuzilandi ukoo mmoja, umegombana naye. Afrika yote, hakuna. Ila Unguja pini moja nyeusi: Edwin Grizethwaite, fundi wa mashine za umeme, alikuja zama za Sultani, akapotea moja kwa moja. Hana kaburi kanisani, hana mtoto anayejulikana.

Mtu ana jina, hana mjukuu. Mimi ni mjukuu, sina jina. Nimeliona jambo hili peke yangu, bila msaada wa mtu yeyote.

Jumanne, 22 Oktoba

Mimi ni Grizethwaite.

Nilimwambia Bwana asubuhi, kwa sauti ya chini, kwamba baba yake babu yangu alikuwa Mwingereza, fundi. Akashika ukuta. Akanikumbatia mbele ya wanywa kahawa wote. Akaing'oa pini nyeusi, akachomeka nyekundu, akasema hiyo ndiyo mimi. Sikutarajia, lakini nilifurahi kwelikweli. Mtu wa kwanza Afrika nzima!

Tatizo dogo. Nilipomkumbusha ujira wa kutembezwa, alicheka, akanipiga mgongoni, akauliza tangu lini jamaa wakalipana. Kisha akahama hoteli. Kwa nini akae hoteli na ana ndugu mjini?

Yuko kitandani kwangu. Mimi niko chini, mkekani, na ramani. Kanada imenichoma bega.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimempeleka Bwana kwa Bi Fatma, pamoja na ngao ya ukoo wake, yaani nembo yao. Imechapishwa kwenye kitambaa cha hariri, ina dhahabu pembeni na mnyama katikati. Mnene, miguu mifupi. Nilimchukulia kuwa kifaru.

Nikasimama. Nikatamka: Jecha wa Bakar wa Ubwa wa Edwin Grizethwaite. Jina la nne! Sami akatazama pweza wake.

Bi Fatma akavaa miwani, akauliza ni mnyama gani yule. Nikamgeukia Bwana. Bwana alifurahi mno kuulizwa. Akaeleza kwa Kiingereza, kwa kirefu, asili ya jina lao: karne nyingi nyuma wazee wake walifyeka msitu milimani wapate pa kufugia nguruwe. Nusu ya kwanza ya jina ni nguruwe, nusu ya pili ni mahali palipofyekwa. Ukoo hauna aibu nalo. Kila mwaka wanakutana na kula chakula maalumu.

Nikatafsiri: kifaru.

Lamya anasomesha jiografia sekondari na Kiingereza anakijua kuliko mimi. Akaingia jikoni mbio. Nikasikia masufuria yanaanguka.

Bi Fatma akauliza tena, taratibu. Huyo Bwana Edwin alifunga ndoa msikiti gani, na shahidi alikuwa nani? Nikajibu haraka, kwa kuwa nilikuwa na moyo mkubwa, kwamba Edwin alikuwa Mkristo wa Ulaya, mambo ya msikitini hakuyajua.

Sami akaweka kikombe chini bila kugusa sahani. Bi Fatma akaiondoa sahani ya visheti. Hakukasirika. Aliiondoa tu.

Nilifika Darajani ndipo akili ikanijia. Hakuna msikiti, hakuna ndoa. Hakuna ndoa, basi babu Ubwa... Nimemfanya babu yangu mwana wa haramu! Mbele ya watu! Mmoja wao Sami!

Alhamisi, 24 Oktoba

Habari imefika Mtoni kabla ya adhuhuri. Aliyeipeleka simtaji. Anafanya kazi Kendwa, na Mtoni ipo njiani.

Bibi Tabia amekuja na mwavuli wake. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika. Tangu nizaliwe hajapata kuninyima marahaba. Hata nilipounguza banda lake la kuku aliniitikia kwanza, ndipo akanipiga. Akasimama mlangoni, akasema, "Wewe Jecha, mume wangu nshamzika, nshamsomea hitima, leo nnakwenda zangu sokoni kununua bamia naambiwa hana baba?" Akauliza kama najua nimemwitaje mama yake Ubwa, ambaye hayupo wa kujisemea.

Machozi yalinitoka. Nina mafua pia.

Bwana akaamka kitandani, akasema shikamoo, neno pekee alilojifunza. Bibi akamjibu marahaba, nzuri, ndefu. Yangu hiyo! Akamwandalia na chai, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akiwa ndani ya uongo wa mtu.

Kisha akakaa, akaanza kuniambia baba yake Ubwa ni nani hasa. Alianzia mbali, kwenye mvua ya masika fulani. Nikamkatiza. Nilikuwa nimeshapata wazo.

Edwin alisilimu! Akaitwa Abdalla. Akaoa, ndoa ya halali, msikiti upo. Babu Ubwa ametakasika, jina la nne linabaki, visheti vinarudi. Bibi ameondoka bila kuaga, nadhani ni furaha.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimemwambia Bwana habari za Abdalla. Nilidhani atafurahi na mambo yaishe. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema miaka yote amezunguka makaburi na makanisa akitafuta Grizethwaite, hajapata hata siku moja kufikiri kwamba mtu anaweza kulitua jina lake chini na kuendelea na safari. Kumbe hatakiwi kumtafuta Grizethwaite. Anatakiwa amtafute Abdalla.

Nikamwambia hakuna haja. Akavaa kofia.

Baada ya sala amekwenda baraza hadi baraza, na kijana wa hoteli akimfasiria, akiuliza nani anamkumbuka Abdalla, Mwingereza, fundi wa umeme. Mimi nimelala kitandani kwangu bila wasiwasi. Abdalla nimemtunga mwenyewe, jana, kati ya chai na mkate.

Amerudi machweo, macho yanang'aa. Amempata.

Nikamuuliza amempata nani. Abdalla! Wapi? Malindi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika kwa ufupi kwa sababu naona haya.

Tumeitwa kwa Bi Fatma. Lamya yupo. Sami yupo. Bibi Tabia naye ameitwa, kaja na buibui lake la sikukuu. Bi Fatma akaeleza kwamba babu yake mzaa mama aliitwa Mzee Abdalla, fundi wa umeme, alitoka Ulaya, akasilimu, akaoa hapahapa. Jina lake la kwanza hakuna aliyewahi kuuliza. Kitu chake kilichobaki ni kile pale mlangoni.

Bwana akainama, akaokota spana. Akakwangua rangi ya kijani kwa ufunguo, tabaka baada ya tabaka. Zikatoka herufi. E. Grizethwaite. Bwana akalia kama mtoto, Bi Fatma akalia, hata Sami alijipangusa, mnafiki.

Mimi nikapiga hesabu. Ikiwa Edwin ni babu yake Bi Fatma, na Edwin ni baba yake Ubwa, basi mimi na Lamya ni mtu na jamaa yake wa mbali. Ndoa bora kabisa! Nikasema hivyo. Kwa sauti.

Bi Fatma akasema mama yake alikuwa mtoto pekee wa Mzee Abdalla.

Sami akauliza kwa adabu, basi mimi nadai babu wa nani? Nimewahi kutuhumiwa kuiba maembe, na mara moja baiskeli. Kuiba babu, hii ya kwanza.

Hapo Bibi Tabia akaanza kusema. Alianzia mbali, kwenye ile mvua ya masika, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Baba yake Ubwa alikuwa fundi, akifanya kazi mashine moja na Mwingereza. Mvua iliponyesha wiki nzima akamchukua kwake Mtoni, na yule mgeni hakuondoka tena. Mwenyeji wake alimfundisha kutawadha, akamfundisha sala, akasimama shahidi siku ya ndoa yake. Siku moja alimuuliza jina lake maana yake nini. Akaambiwa. Alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia, ndugu yangu, hilo liache nje. Mwingereza akaliacha nje.

Akanigeukia. Akasema shahidi huyo aliitwa Jecha. Akasema nilipozaliwa baba yangu hakutafuta jina jingine. "Jina la nne unalo mwenyewe," alisema, "tangu siku uliyochinjiwa akika."

Nilisubiri wacheke. Hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Bi Fatma akasema mama yake hakupitisha Ramadhani bila kumuombea dua Mzee Jecha. Kama ningesema Jumatatu kwamba sijui, angeulizia pamoja nami, na angemtoa binti yake kwenye nyumba ile kwa mikono miwili. Sasa anaogopa. Mtu aliyembadilisha baba yake babu yake kwa picha ya nguruwe, mke atambadilisha kwa nini? (Kumbe nguruwe alimjua.) Lamya alikuwa akitazama mikono yake. Nampenda yule mwanamke, na nilitamani niwe mtu mwingine, na hilo nadhani ndilo lililoniponza tangu mwanzo.

Lakini Bi Fatma ni mtu wa haki. Akasema mlango uko wazi. Nirudi Ijumaa na mtu mzima, niwe na jina la tano. La kweli. Bibi Tabia analijua.

Nikashukuru, nikatoka. Spana ilikuwa mezani, juu ya kitambaa cha maua. Mlango ukajifunga wenyewe nyuma yangu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Bwana amehamia Malindi na ramani yake. Pini nyekundu ipo, ila sasa ni ya Bi Fatma. Yangu imeacha tundu. Nimepata kitanda changu, kinanukia mafuta ya kujikinga na jua.

Nimekaa na nafsi yangu siku mbili nzima, nikaujua ukweli. Kosa langu lilikuwa Mwingereza. Mwingereza ni wa juzi juzi. Ana jamaa, jamaa wana pini, na mabibi bado wanamkumbuka. Jina la tano linataka mtu wa zamani zaidi.

Mreno! Wareno waliondoka kisiwani zamani sana, hakuna bibi aliye hai wa kumkanusha. Jecha wa Bakar wa Ubwa wa Jecha wa Kapteni Alvaro. Linapendeza mdomoni. Hesabu ya miaka inapungua kidogo, karne mbili hivi, lakini Lamya anasomesha jiografia, hasomeshi historia. Na ndoa nimeifikiria safari hii: kasilimu, kaoa, mashahidi wawili. Mtu anajifunza.

Bibi Tabia anapiga simu tangu asubuhi. Anasema baba yake Mzee Jecha anamkumbuka vizuri, alimuona kwa macho yake akiwa mtoto mdogo, jina lake zuri na habari zake nzuri zaidi, na nazi ziko tayari.

Nimemwambia nina kazi.