Maharage Yaliyokataa Moshi

Alhamisi, 12 Machi
Leo vita vimetangazwa. Mama mkwe kasema harusi ya binti yake wa mwisho imekaribia, na anataka mtu mmoja wa kusimamia jiko zima. Atamchagua Jumapili, hapa kwetu, baada ya kuonja. Shemeji, kaka yake mke wangu, akajipiga kifua papo hapo. Miaka yote yeye ndiye mchoma nyama wa ukoo huu. Miaka yote mimi natumwa viti. Nimechoka na viti! Nikatangaza kwamba nitapika maharage ya kuoka juu ya mkaa, yenye ladha ya moshi. Shemeji akauliza kama nina maana ya maharage yaliyoungua. Wakacheka wote, hadi watoto wangu mwenyewe. Haya, wacheke.

Ijumaa, 13 Machi
Nimetoroka dukani mapema. Nauza makufuli, hayaendi popote. Nikaenda kwa seremala kuomba vipande vya mti wa matunda. Kanipa vya mpera, akasema nivilowanishe kisha nivitupie juu ya mkaa, moshi utakuja wenyewe. Akataka kunieleza na habari ya sufuria. Nikamwambia ahsante, mimi si mtoto mdogo. Mtu ana randa mkononi anataka kunifundisha kupika!

Jumamosi, 14 Machi
Majaribio uani. Nilingoja mke wangu aende sokoni, maana mambo haya ni siri. Moshi! Moshi wa kufa mtu! Jirani akatoka mbio na ndoo ya maji, akiuliza nani anaungua. Nikamweleza kuwa ni maharage tu. Akamwaga hivyo hivyo, nusu kwenye jiko, nusu kwangu. Kisha akaanua nguo zake, akizinusa moja moja na kuniita majina ambayo siwezi kuyaandika. Wivu unamsumbua.

Jumapili, 15 Machi
Siku yenyewe. Maharage nimeyaunga kwa nyanya, kitunguu, haradali na sukari kidogo. Nikabandika sufuria, nikaifunika vizuri, nikaweka na jiwe juu ya mfuniko ili jivu lisipenye hata chembe. Nikatupia mpera kwenye mkaa. Ua wote ukapotea. Shemeji alikuwa anachoma nyama yake pembeni, nikamsikia anakohoa na kunilaani. Nilifurahi mno, kwa nini nifiche? Mke wangu akapiga kelele kutoka jikoni kwamba keki yake inapoa dirishani na moshi wote unaelekea huko. Nikamwambia asinivuruge, niko kazini.

Mezani mama mkwe akaanza na nyama. Upande mmoja mkaa, upande mwingine mbichi. Shemeji akajitetea kwamba hakuona alichokuwa anageuza. Hapo nikajua harusi ni yangu. Mama mkwe akachota maharage, akatafuna polepole, akafumba macho. Kisha akasema, "Mwanangu, maharage ni matamu, lakini moshi uko wapi?" Akachota tena. Akanusa kijiko. Akanipa pole, kama mtu aliyefiwa. Nilinywea kabisa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ikaja keki. Mama mkwe akala kipande, akaongeza cha pili, akauliza ni nani kabuni keki tamu namna hii, yenye moshi wa mpera. Mke wangu akaniangalia. Akasema ni yeye.

Jumatatu, 16 Machi
Mke wangu kaniuliza kama jana nilifunika sufuria. Nikajibu kwa fahari kwamba nilifunika, na jiwe nikaweka. Kacheka hadi akakaa sakafuni. Sijui kilichomchekesha. Ukweli uko wazi: yale maharage yalikuwa mabovu, hayashiki moshi.

Mama mkwe kagawa kazi za harusi. Mke wangu, jiko zima. Shemeji, viti. Mimi, barafu ya soda! Kasema kwenye barafu siwezi kuharibu kitu. Dharau ya waziwazi, na imeniuma. Lakini wamenipa nafasi bila kujua. Harusi gani imewahi kuwa na barafu ya moshi? Nimepita kwa seremala, nimebeba gunia zima. Nitaiweka barafu juu ya mkaa, moto wa wastani, na sitaiondoa mpaka ikolee.