Mita Moja na Nusu ya Kheri Bushiri

Kheri Bushiri alikwenda kwenye mkutano wa sera kwa sababu ya maandazi. Alikuwa anapita zake nje ya ukumbi pale Tukuyu mjini, mvua ikimnyeshea, akaona dirishani beseni limefunikwa kitambaa cheupe na kando yake chupa nne za chai. Akaingia, akajaza jina lake kwenye karatasi ya mahudhurio, penye safu ya cheo akaandika "Mdau", kisha akaketi mstari wa pili kama mtu aliyetumiwa barua ya mwaliko.

Mgeni alitoka Dodoma. Kwa muda wa saa nzima alieleza kwamba serikali inataka barabara zimfikirie kila mtu, si mwenye gari peke yake. Kwamba anayetembea kwa miguu ni msafiri, na mwenye baiskeli naye ni msafiri. Na kwamba barabara zitakapopanuliwa, itengwe njia ya baiskeli yenye upana wa mita moja na nusu. Wajumbe walisikiliza kwa adabu. Tukuyu ni mji wa milima: baiskeli ukipanda nayo unaisukuma, na ukishuka nayo unatubu. Muda wa maswali ulipofika, mmoja aliuliza mashimo ya barabara ya Matwebe yatafukiwa lini, mwingine akauliza kuhusu posho. Hakuna aliyeuliza hiyo mita moja na nusu itakatwa kutoka wapi.

Kheri peke yake ndiye aliyelifikiria jambo hilo, andazi la tatu likiwa mkononi, na kadiri alivyolifikiria ndivyo alivyozidi kuipenda serikali yake.

Babu yake alikuja Tukuyu kutoka pwani na cherehani moja, akashona kanzu na magauni ya nusu ya wilaya, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kumpunja mtu kitambaa hata upana wa kidole. Kheri alirithi futikamba ya babu. Tabia aliiokota kwingine. Alikuwa dalali wa viwanja, dalali wa simu, na msimu mmoja alikuwa dalali wa maparachichi ambayo bado yalikuwa maua. Watu walimpenda, kwa sababu alimsikiliza kila mtu kwa makini, na walichelewa kugundua alikuwa anasikiliza nini.

Wiki iliyofuata alionekana kando ya barabara kuu akiwa amevaa kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa, kalamu sikioni. Mkono mmoja ulibeba kopo la rangi nyekundu. Mwingine ulisukuma gurudumu la baiskeli ya mtoto alilolifunga kwenye mpini wa fagio, na kipande cha bati kikalia "ta" kila lilipozunguka. Lilipima nini, hakuna aliyejua, naye Kheri akiwa mmojawapo. Lakini mlio ule ulikuwa wa kiserikali kabisa.

Alianza kwa Gidion, mwenye gesti. Miaka sita nyuma, Jumapili moja watu wakiwa kanisani, Gidion aliusogeza ukuta wake hatua mbili kuelekea barabarani. Hakuwa peke yake. Kila mwenye jengo kwenye barabara ile alijua moyoni mwake alichofanya, na ndiyo maana hakuna hata mmoja aliyemwomba Kheri kitambulisho. Mtu mwenye hatua mbili za wizi haanzishi mazungumzo ya vitambulisho.

"Mzee wangu, mimi sijaja kubomoa," Kheri alimwambia kwa upole. "Nimekuja kuangalia njia ya baiskeli itapita wapi. Kwa sasa inapita mapokezi."

Gidion aliuliza kama haiwezekani kupita ng'ambo. Ng'ambo palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi la Mudathiri, ambaye kibaraza chake nacho kilikuwa kimetembea miaka ile ile. Kheri alilitazama duka lile kwa muda mrefu, kama daktari anayetazama picha ya mapafu. Kitaalamu inawezekana, akasema, ila kuhamisha njia kuna usumbufu wake. Usumbufu ukatiwa kwenye bahasha, na Kheri akaandika kwenye karatasi yake kwamba njia imevuka.

Mchana alivuka na yeye. Mudathiri ndiye aliyekuwa amemuuzia ile rangi nyekundu, tena kwa kumpunguzia bei, kwa hiyo aliumia zaidi alipoona X ya kwanza inachorwa ukutani kwake. Alilia dini, alilia ujirani, mwisho akatoa bahasha. Njia ikarudi ng'ambo, ila mbele kidogo, kupita gesti ya Gidion, ikaangukia kwenye saluni.

Kufikia Ijumaa, kati ya mjini na Kawetele, njia ya baiskeli ya Kheri Bushiri ilikuwa inakatiza barabara kuu mara kumi na moja. Alipoichora yote kwenye karatasi aliiona ni nzuri, imekaa kama mshono wa zigizagi. Hakuona amemdhulumu mtu. Hawa waliiba barabara, naye alikuwa anawatoza. Kwa hesabu zake alikuwa kama kodi, tofauti ni kwamba kodi haiji na tabasamu.

Aliyemsumbua ni mmoja tu. Pale Kawetele palikuwa na mgahawa wa mama mmoja mjane, Joyce, na kati ya ukuta wake na lami palikuwa na kipande kirefu cha migomba. Kheri alikipima kwa heshima zote. Joyce alimkaribisha ndani, akampakulia sahani ya ndizi za kupika, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kitu kimoja: kama njia iko upande mmoja tu, huyo mwenye baiskeli akienda, atarudia wapi? Kheri alicheka, akasema hilo ni swali la kitaalamu, akaondoka bila bahasha. Ndizi alikula zote.

Jumatatu akiwa kwenye pikipiki yake alikaribia Kawetele, akaona kitu kilichomfanya abane breki zote mbili. Gari lenye namba za serikali lilikuwa limeegeshwa mbele ya mgahawa. Wanaume watatu wenye vizibao vya njano, vizibao vya kweli, walikuwa wanachungulia kwenye mtambo wenye miguu mitatu, na nyuma ya gari palilala nguzo fupi za zege. Kheri alivua kizibao chake, akakikunja, akaingia mgahawani na kukikalia.

Alikaa pale akingoja kukamatwa. Alikunywa chai, akangoja tena. Hakuna aliyemwangalia. Wapima wale waliingia, wakala wali maharage, wakatoka. Ndipo Kheri alipomuuliza Joyce, kwa sauti ya mtu asiyejali, wale jamaa wanasema nini.

"Mimi mpishi tu, kaka yangu," Joyce alisema akifuta meza. "Wanaongea mambo ya upana, sijui mita ngapi. Neno fidia nimelisikia mara mbili."

Uongo wake ulikuwa umegeuka kweli. Serikali imekuja kuijenga ile njia, itapita kwenye migomba ya mama huyu, na mwenye kipande atalipwa, naye mama mwenyewe anafuta meza wala hajui. Kheri alimtazama Joyce, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamwonea mtu huruma kabla ya kumwibia.

Siku tatu mfululizo alikula pale asubuhi, mchana na jioni, na kila mara alilipa, jambo lililowashangaza waliomfahamu. Alimweleza Joyce kuhusu kero za kukaa kando ya barabara: vumbi, kelele, walevi wanaojisaidia kwenye migomba. Alisema yeye angekinunua kile kipande, si kwa faida, ni kwa kumpunguzia mzigo. Joyce alikataa. Migomba ile aliipanda na marehemu mume wake. Kheri akaongeza maneno. Joyce akakataa tena, ila safari hii alikataa akiwa amekaa. Siku ya tatu alijifuta macho kwa kanga, ingawa alikuwa ameinama juu ya sufuria la maharage na mvuke ulikuwa mwingi, akasema atakubali, mradi apate na ile pikipiki, maana viazi vya Isongole kila siku anavifuata kwa bodaboda na wanamnyonya.

Pikipiki ilimuuma Kheri. Lakini aliiweka pembeni ya fidia na ikaonekana ndogo. Alitoa bahasha zote za wiki ile, za Gidion, za Mudathiri, za saluni, na juu yake akaweka funguo.

Mkataba aliuandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, kwa sababu hakutaka mama wa watu ahangaike na mwanasheria. Joyce aliomba maneno machache tu yaingie: kwamba anamuuzia Kheri migomba yote pamoja na haki zote alizonazo juu ya kipande kile, na kwamba kuanzia leo kila kinachokihusu kipande hicho kinamhusu Kheri. Kheri aliona ni maneno mazuri sana, hata akayapigia mstari. Shahidi alikuwa Mzee Anosisye, jirani wa miaka mingi, ambaye alitia sahihi polepole, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akaushika mkono wa Kheri kwa mikono yake yote miwili, kama watu wanavyompa pole mfiwa.

Kesho yake Kheri alivaa shati jeupe na kumfuata mkuu wa wapima, bwana mrefu mpole aliyeitwa Ezron, akamkabidhi mkataba, akasema yeye ndiye mwenye eneo na yuko tayari kushirikiana na serikali.

Ezron aliusoma wote, akaurudia.

"Huyu mama amekuuzia haki zake zote," alisema. "Ni kweli. Ila hapa hakuwa na haki yoyote."

Akamshika Kheri bega, akampeleka katikati ya migomba, akayasogeza majani makavu kwa kiatu. Palikuwa na nguzo ya zege, ya zamani, imeota kuvu. Hifadhi ya barabara inaanzia pale, Ezron alieleza, na imekuwa hivyo tangu lami haijafika. Kilichowaleta ni mtaro wa maji ya mvua. Njia ya baiskeli ipo kwenye makaratasi, siku barabara itakapopanuliwa itajengwa, siku gani yeye hajui. Na kuhusu fidia, mama alishaambiwa mara mbili kwamba haipo.

Kheri alisema, polepole, kwamba basi yeye anajitoa.

"Hapo ndipo pagumu," Ezron alisema. Alitoa karatasi kwenye faili. Ilikuwa notisi ya siku kumi na nne ya kung'oa migomba, aliyopewa Joyce kabla wao hawajaja kupima, na siku nne ndizo zilizobaki. "Kumbe siku hizi migomba ni ya kwako. Umeandika vizuri mno, hata umepigia mstari." Akafuta jina la Joyce, akaandika la Kheri.

Alirudi mgahawani. Joyce alimwekea chai bila kuulizwa. Kheri alimshutumu kwamba alijua yote tangu mwanzo.

"Nilijua ninachouza," Joyce alisema. "Wewe hukujua unachonunua, na dalali ni wewe. Mimi kiuno kinaniuma, Kheri. Vile visiki ningeving'oaje?"

Kwenda polisi hakukuwezekana. Angeanza kwa kueleza zile bahasha alizipata wapi. Na alipogeuka atoke, aliwaona Gidion na Mudathiri wamesimama karibu na gari la serikali, wanamuuliza Ezron njia ya baiskeli hatimaye inapita upande wa nani. Ezron alikuwa anawatazama bila kuelewa. Kisha wale wawili wakatazamana wao kwa wao, muda mrefu, na baada ya hapo wakamtazama Kheri.

Hawakumpiga. Gidion alitaka, Mudathiri akamzuia, akasema mtu akivunjwa mikono hana faida. Joyce akaleta jembe na sururu, akasema zana hatozi.

Kung'oa mgomba si kazi ya mdomo. Shina unalikata kwa panga mara moja, lakini kisiki kimekaa ardhini kama mkopo wa benki, na udongo wa Rungwe ukilowa unashika jembe haulirudishi. Kheri alichimba siku nne kwenye mvua. Shati jeupe likawa rangi ya udongo, viganja vikatoka malengelenge, na kila jioni Joyce alikuwa anarudi kutoka Isongole kwenye pikipiki, magunia ya viazi nyuma, kofia ngumu kichwani, akimpigia honi ya salamu. Mzee Anosisye alikuja na kigoda, akakaa kumwangalia, na pale jembe lilipogonga mzizi mnene alimwonyesha pa kupiga.

Siku ya nne Ezron alipita na futi yake, akapima kutoka kwenye lami hadi kwenye nguzo, akasema kazi ni safi, hajaona kipande kilichosafishwa vile Rungwe nzima. Kheri alikaa juu ya kisiki cha mwisho. Alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa kusema uongo.

Ndipo Gidion na Mudathiri walipokuja, kila mmoja na karatasi mkononi. Wapima walikuwa wamefika mjini. Nguzo ya zege ilikuwa imeonekana chini ya sakafu ya mapokezi ya Gidion, na nyingine chini ya kibaraza cha Mudathiri, chini ya mifuko ya saruji. Siku kumi na nne kila mmoja, na fundi wa kubomoa siku hizi ni ghali.

"Uchague," Mudathiri alisema. "Twende kituoni, au ubebe sururu."

Kheri aliuliza kama kutakuwa na chakula. Wakasema kipo. Basi wakaanza kubishana aanze kwa nani, Gidion akidai yeye ndiye aliyetoa bahasha ya kwanza, Mudathiri akidai ya kwake ilikuwa nene zaidi, na walibishana hivyo njia nzima mpaka mjini, Kheri akitembea katikati yao na sururu begani. Walipofika mbele ya gesti, duka likiwa ng'ambo, walikuwa bado hawajaafikiana. Wakamwambia achague mwenyewe, yeye si ndiye mtaalamu.

Kheri aliangalia upande huu, akaangalia upande ule. Akasubiri lori la ndizi lipite, kisha akavuka.