Itifaki Chini ya Maji

Jumatatu, 3 Machi

Nimeingia majini leo pamoja na wenzangu, na nimetoka wa kwanza. Si sifa. Mshale wa kipimo changu cha hewa ulikuwa umelala kwenye wekundu kama mgonjwa kitandani, ilhali wenzangu wangali chini wakitazama samaki.

Ieleweke kwamba mimi ni mshereheshaji. Nimeongoza harusi, mahafali na uzinduzi wa visima. Pumzi ndiyo mtaji wangu. Naweza kutaja meza kuu nzima, na vyeo vyao, bila kumeza mate. Iweje niishiwe na hewa kabla ya fundi saa?

Fundi saa huyo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Botini wameshampa jina: Bwana Nusu. Kila akitoka majini, mtungi wake wa hewa bado una nusu. Nilimuuliza anafanyaje. Akasema anapumua tu. Hilo ni jibu la mtu mwenye siri.

Kiini cha safari ni hiki. Chini ya bahari hii imelala meli ya mizigo, na kwenye sitaha yake ingali inaning'inia kengele. Nilitamka mbele ya ukoo mzima wa mke wangu kwamba kengele hulia hata chini ya maji. Shemeji akasema itatoa kishindo tu, kama sufuria iliyojaa unga. Nimekuja kuigonga niisikie kwa masikio yangu. Lakini Mama Mtungi, anayetuongoza majini na kutujazia mitungi, ametangaza masharti. Meli itaendewa Jumamosi tu. Atakayetoka majini Alhamisi mshale wake ukiwa kwenye wekundu, atabaki botini kulinda viatu.

Swali la kitaalamu: hewa yangu inakwenda wapi?

Jumanne, 4 Machi

Mbizi mbili leo. Kati ya ya kwanza na ya pili, alisema Mama Mtungi, lazima tupumzike ili gesi iliyoingia mwilini itoke.

Nikalitafakari neno. Kupumzika. Pumzi imo humo humo, wala haikujificha. Waliounda lugha hii hawakuwa watu wa mchezo: mtu hupumzika ili aweke pumzi. Wenzangu walikuwa wakila biskuti na kusinzia, wakidhani ndiko kupumzika.

Nilikwenda mkiani mwa boti nikavuta hewa mfululizo, kama mvukuto wa mhunzi. Daktari wa meno, ambaye ndiye mwenzi wangu wa mbizi, akauliza kama nimeshikwa na uchungu wa kuzaa na kama aite mkunga. Nikamjibu kwamba napumzika. Muda si muda nikaona nyota mchana, nikaketi juu ya kamba bila kukusudia.

Mama Mtungi akanilaza chali. Akasema pumzi haiwekwi akiba kama mkaa. Akaongeza kuwa wapo watu amewaona wakizimia kwa kukosa hewa, ila wa kuvimbiwa nayo mimi ndiye wa kwanza.

Mbizi ya pili, mbinu ya kubana: kuvuta, kisha kukaa nayo. Nikapaa kama boya. Mama Mtungi akanivuta kwa pezi la mguu. Baadaye, botini, alieleza kwamba anayepaa huku amebana pumzi anaweza kupasuka mapafu, naye hakuja na sindano wala uzi.

Kichwa kinagonga. Mshale: wekundu.

Jumatano, 5 Machi

Nadharia mpya. Kasoro si yangu, ni ya mtungi.

Mitungi yote ni ya rangi moja, imepangwa ubavuni mwa boti. Baadhi ina kifuniko cha plastiki kooni, mingine iko wazi. Nikahoji kimantiki. Duka likifungwa, biashara imekwisha. Mkutano ukifungwa, watu wanaondoka. Basi mtungi uliofungwa umekwisha. Kabla ya mbizi ya pili, nikautwaa kimyakimya ule uliokuwa wazi nyuma ya kiti cha Shemeji.

Kumbe kifuniko ni alama ya mtungi uliojaa, ambao haujaguswa. Ulio wazi umeshatumika asubuhi. Mama Mtungi, ambaye hamruhusu mtu kuruka kabla ya kumkagua, akakuta mshale wangu uko nusu. Shemeji akasogea, akaitambua nusu yake kama mzazi anavyomtambua mwanawe shuleni. Akasema kwa upole kwamba kama nilitamani mabaki yake, ningemwomba tu, sisi ni ndugu.

Botini walicheka wote, hadi nahodha. Mbizi ya pili nimeitazama kutoka juu. Yanaonekana mapovu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya hukumu. Asubuhi daktari wa meno aliomba kusema nami faragha, na faragha ya boti ni hatua mbili kutoka kwa wengine. Akasema anajua hewa yangu inakwenda wapi. Ninaizungumza. Mapovu yangu yanatoka kwa aya. Juzi alipita kasa, nami nikamkaribisha, kisha nikamtambulisha kwa waliohudhuria.

Sikukanusha. Mgeni hukaribishwa.

Shemeji akadakia kwamba, ikibidi, niseme tu "itifaki imezingatiwa" niishie hapo, kama wafanyavyo wenye haraka. Nilimweleza kwa utulivu kuwa itifaki haizingatiwi kwa kutangaza kwamba imezingatiwa. Huzingatiwa kwa watu kutajwa, mmoja baada ya mwingine. Mama Mtungi akakata shauri: nifunge mdomo, nikunje mikono, nitazame kitu kimoja tu.

Nilitazama pweza. Mdogo, wa kutosha kiganjani, anayeishi ndani ya chupa. Alikuwa akikokota gamba la kombe ili aufunge mlango wake. Gamba likawa dogo. Akaliacha, akaleta jingine. Likawa kubwa. Akalipima kwa mkono mmoja, akalipima kwa mwingine, akabadilika rangi kwa hasira, kisha akaligeuza upande likakaa sawasawa. Nilitaka kujua atalifunguaje. Nilisahau nadharia zangu zote. Daktari aliponigusa bega kwamba muda umekwisha, nilitazama kipimo. Mshale ulikuwa mbali na wekundu.

Nakwenda kwenye meli.

Maelezo ya kisayansi ni bayana: lile pumziko langu la Jumanne lilihitaji muda kuiva katika damu. Nilimfafanulia Mama Mtungi. Akaenda kujaza mitungi.

Jumamosi, 8 Machi

Jana nilishinda nikiandaa maneno machache kwa ajili ya kengele.

Meli ni kubwa kuliko nilivyodhani, na imetulia kama mtu anayesubiri kuitwa. Vioo vya madirisha vingalipo. Nyuma ya kimoja kuna kiti, na juu ya kiti kuna kaa. Kengele ikaonekana mbele ya sitaha, ya kijani kwa uzee, ikining'inia kwenye mkono wa chuma.

Haiwezekani kuingia kwenye sitaha ya watu bila salamu. Nikaanza na nahodha wa meli, popote alipo. Msaidizi wake. Mhandisi mkuu. Mabaharia kwa ngazi zao. Mpishi. Kisha wakazi wa sasa, nikianza na chewa aliyeketi mlangoni mwa jiko, ambaye kwa umbo alistahili meza kuu. Nilikuwa nakaribia kujikaribisha mwenyewe ndipo hewa ikawa nzito, kama kunyonya uji kwa mrija. Nikavuta tena, isije.

Kengele ilikuwa mbele yangu. Mkono wangu haukuifikia.

Shemeji alikuwa ubavuni pangu. Naamini alikuwa hapo tangu nilipofika kwa mhandisi. Akanitia mdomoni kipumulio chake cha akiba, akanishika mkanda wa bega, tukapaa polepole uso kwa uso, kama maharusi wanaofungua muziki. Karibu na juu tukasimama kwenye kamba ya boti ili gesi itoke mwilini, kama inavyotakiwa, nikivuta hewa kutoka katika nusu yake. Nikamshukuru, kwa kirefu. Akainua kidole mbele ya miwani yangu, nami nikadhani ananipa nafasi ya kuendelea.

Daktari wa meno alipopanda botini alikuwa anatetemeka kwa furaha. Ameigonga. Imelia. Sauti haikuwa na upande, alisema, ilitoka kila mahali, akaisikia hadi kwenye magego. Mama Mtungi ameisikia. Shemeji ameisikia tukiwa kwenye kamba, na mbele ya wote akanipa mkono, akakiri kwamba nilisema kweli na yeye alikosea.

Nikauliza ililia wakati gani hasa. Wakati wa shukrani, akasema. Mapovu yangu yalikuwa mengi mno.

Nimeshinda ubishi. Sijasikia kitu.

Jumapili, 9 Machi

Mama Mtungi amekuja kutuaga. Akauliza, tukirudi mwakani, aniandalie nini. Nimeshalichambua jambo hili kwa kina, hivyo jibu lilikuwa tayari: kosa lilikuwa la maandalizi, kwa kuwa shughuli nzima ilipewa mtungi mmoja. Aniwekee miwili. Wa kwanza wa salamu, wa pili wa neno la shukrani.

Akauliza, na wa kupumulia?

Nikamwambia huo ataubeba Shemeji.