Kurasa za Mbele za Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu walimu waliishiwa na vya kunifundisha. Leo hata shemeji, mke wa kaka, amekubali. Ijumaa atasimama mbele ya maprofesa kueleza jinsi utafiti wa miji ya utalii yenye akili ulivyokua tangu uanze. (Ni miji inayomjua mgeni kabla hajashuka garini: foleni iko wapi, choo kiko wapi.) Akianguka, chuo kinamfuta. Makala sitini na nne! Kazi yangu kuzibandika ukutani sebuleni, kwa mfuatano wa miaka. Miwani, msaidizi wake wa chuoni, alidai kompyuta ingetosha. Nikamwambia kompyuta haina gundi.

Jumanne, 4 Machi
Ukuta mfupi, makala nene. Akili ikachemka. Kila makala ina ukurasa wa mbele wenye majina na anwani tu, kama bahasha. Nani anatunza bahasha? Nikazinyofoa zote, nikawashia jiko, nikamchemshia shemeji chai. Akanishukuru mpaka nikaona haya. Mungu amzidishie! Mwaka wa pili huu nakula kwake, hajaniuliza hata siku moja naondoka lini.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Kumbe miaka iliandikwa kwenye bahasha. Shemeji kautazama ukuta, kakaa sakafuni. Kaniuliza polepole: shem, kurasa za mbele ziko wapi? Nikamjibu kazinywa jana, na sukari vijiko viwili. Miwani akasema ng'ombe angebandika vizuri zaidi. Orodha yake ya miaka iko chuoni, na chuo kimeshafungwa hadi kesho.
Sikukubali kushindwa. Kuku hajulikani umri kwa kitambulisho! Nikapanga kwa picha. Zenye mitambo na nyaya, za kale. Zenye wageni na simu mkononi, za katikati. Zenye wenyeji wamenuna milangoni pao, za juzi juzi. Shemeji akaupitia ukuta picha kwa picha. Kisha akadaka kalamu, akaandika kama anayekimbizwa.

Alhamisi, 6 Machi
Miwani kaleta orodha, na kurasa zote kachapa upya. Tukalinganisha. Nimekosea tano tu! Miwani kahesabu mara mbili, roho inamuuma.

Ijumaa, 7 Machi
Kapita! Profesa mkali kuliko wote kasifu mpango wake: watafiti kwanza waliuliza mashine inaweza nini, kisha mgeni anataka nini, mwisho mwenyeji anapata nini. Hizo ni picha zangu! Na shemeji kasema hivyo hivyo mbele yao, kwamba wazo ni la mdogo wake nyumbani. Mdogo wake! Kaka kanikumbatia. Miwani kaninunulia soda. Mtu mwema kumbe, ila kichwa chake kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji anatafuta ukurasa mmoja. Makala yake ya kwanza kabisa alipewa na mwalimu wake, marehemu sasa, aliyemwandikia maneno mawili kwenye ukurasa huo wa mbele kwa wino wa kijani. Miwani kachapa upya kila kitu, lakini mkono wa marehemu haumo kwenye kompyuta. Nikakiri. Hakunigombeza. Kasema basi, shem, kaenda kuanua nguo. Bora angenipiga. Hilo moja ndilo lililoharibika kweli, na kiberiti nilikiwasha mimi.
Lakini sikukaa bure. Nimeshapata kalamu ya kijani, na mwandiko wa kizee nimeuweza. Kilichobaki ni kujua maneno yenyewe yalikuwa yapi. Kesho nitamuuliza shemeji kwa ujanja, asishtuke.