Kuhusu Ufito wa Juu na Haki za Kuku Mweupe

Mheshimiwa Mama Mwenye Nyumba,

Salamu nyingi, na heshima juu yake. Ninakuandikia kama mkazi wa chumba cha nyuma, si kama baba yako, ingawa ni mimi huyohuyo na ukuta unaotutenganisha ni mwembamba. Nimeamua kuandika kwa sababu mezani, kila ninapolitaja neno kuku, mumeo huanza kucheka kabla sijafika kwenye kitenzi, nawe husema, "Baba, kula kwanza." Barua haiambiwi, "Kula kwanza."

Uamuzi wako umenifikia: kwamba yule kuku mweupe, tuliyemwita Mgeni, arudishwe Jumamosi kwa Mama Mayai, jirani aliyetuuzia. Sababu yake pia ninaijua. Wewe ni muuguzi wa zamu ya usiku, na usingizi wako wa mwisho kabla ya kwenda kazini ni ule wa magharibi. Ndipo hapohapo kuku wetu watano wanapogombea mahali pa kulala, mbawa zikipiga bati kama mvua ya mawe. Juzi ulitoka umevaa kiatu chako kimoja na cha mumeo kimoja. Sikucheka ulipokuwepo.

Hata hivyo ninaupinga uamuzi huo, na malalamiko yangu ni haya.

1. Fito. Mumeo ni seremala anayesifiwa mtaa mzima kwa vitanda vyake, nami sina neno na vitanda. Lakini fito za kulalia kuku amezipanga kama ngazi, mmoja juu ya mwingine, kwa kuwa zinapendeza macho. Kuku hajali uzuri wa ngazi; anachotaka ni kilele. Pakishakuwa na juu, kila mmoja atataka juu. Na ufito wa juu unatosha kuku watatu, au watano wanaopendana, na hawa hawapendani. Nilipomweleza, alijibu, "Mzee, hawa ni kuku, si wabunge." Nikamwambia ndiyo maana bado nina matumaini.

2. Mwenendo wa Shangazi. Unamjua, yule mweusi mnene, mkongwe wa banda. Hupanda wa kwanza, hukaa katikati, kisha hutanua mabawa kana kwamba anatarajia wageni. Mapacha hujibanza kulia na kushoto kwake. Karani, yule wa kijivu anayetembea kama aliyechelewa ofisini, hupanda, hushuka, hupanda tena, utadhani amesahau muhuri. Halafu Mgeni huweka mguu, mguu tu, na Shangazi humdonoa kichwani. Angemdonoa kwa hasira ningemsamehe, maana hasira huisha. Humdonoa kwa mazoea, huku akitazama upande mwingine. Mgeni huanguka na Karani, Karani huanguka na Pacha mmoja, Pacha wa pili hulaumu kila mtu, nawe unaamka. Sasa niambie, katika mlolongo huo, ni nani hasa anayestahili kurudishwa kwa Mama Mayai?

3. Njia aliyoingilia. Hapa ninalaumiwa mimi. Mama Mayai alinisema juu ya uzio, mbele ya wateja wake: "Kuku mpya huingizwa gizani, mzee wangu. Wenzake wamesinzia, unampachika katikati, kukicha wanadhani walianguliwa naye. Wewe umemleta mchana kweupe, tena na hotuba!"

Ni kweli nilimleta mchana. Ni kweli pia nilisema maneno machache: nikataja anakotoka, nikaeleza kwamba hakuja kwa kupenda, nikaomba asogezewe nafasi. Mapacha walisikiliza vizuri. Shangazi alijisaidia katikati ya hotuba, nami nikalichukulia hilo kuwa jambo la kimaumbile. Kosa silioni. Mimi mwenyewe nimeingizwa gizani mara nyingi, mwanangu: kwenye madarasa, kwenye maghala, sebuleni kwa binamu wa binamu. Nimeamka nikakuta watu wananitazama, wakijaribu kukumbuka kama jana nilikuwepo. Nikajiwekea nadhiri kwamba siku nikiwa mwenyeji, hata wa banda, mgeni wangu ataingia kwa mlango, jua likiwaka, na jina lake litatajwa. Kumpenyeza mtu gizani wenzake wasitambue ni magendo, hata kama kuna mayai ndani yake.

4. Methali. Mumeo amenikumbusha kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nimeitafakari sana. Kwa binadamu ni mfano. Kwa huyu ni hukumu. Na kamba alikuja nayo kweli, kipande cha utepe mwekundu, nikamfungua mimi. Wahenga wakaongeza kwamba mgeni ni kuku mweupe. Basi huyu ni mgeni, ni kuku, na ni mweupe. Sijui kiumbe mwingine ambaye lugha yetu imemzingira pande zote namna hii, akabaki na hamu ya kula.

5. Mahali anapolala. Analala chini, karibu na mlango. Mlangoni ninapajua. Mtu wa mlangoni halali, husinzia kwa awamu. Anayetoka humkanyaga, anayeingia humwomba radhi, kisha humkanyaga. Upepo huanzia kwake. Asubuhi walio ndani humuuliza kama usiku mvua ilinyesha. Miaka mingi imepita, nina kitanda kizuri alichonichongea mumeo, na bado nalala nimekunja miguu ili mtu apate kupita. Kwa hiyo ninaposikia kwamba aliye mlangoni ataondolewa kwa sababu amepiga kelele alipokanyagwa, siwezi kula kwanza.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo.

Kwanza, fito zote ziwekwe usawa mmoja, ili pasiwe na juu. Lakini kwa kuwa hata ufito wa usawa una katikati na una pembeni, na katikati ndipo penye joto, naomba upindwe uwe duara. Nimemuuliza mumeo kama mbao hupindika. Amesema hupindika, ila moyo wake ndio haupindiki kwa ajili ya kuku.

Ikishindikana, Shangazi ahamie chumbani kwangu, apewe kichwa cha kitanda apande atakavyo, nami nichukue nafasi yake ufitoni kuanzia jua linapozama hadi watulie. Nimeshaingia bandani kujipima. Ninaenea, nikiinamisha shingo. Karani alinipisha bila ubishi, ishara kwamba wapo wanaotamani uongozi mpya.

Hilo nalo likikataliwa, basi usiku wa hospitali usogezwe mbele. Sioni ugumu. Wagonjwa wamelala tayari, hawatajua. Niko radhi kwenda kumweleza matroni mwenyewe, nikiwa nimevaa koti langu la heshima, na ikibidi nimchukue Mgeni aonekane.

Na kama yote haya ni mzigo, na ni lazima Mgeni arudishwe Jumamosi, basi nirudishwe pamoja naye. Mimi pia niliikuta nyumba hii ina watu wake. Mimi pia nina kelele jioni; mumeo ni shahidi wa redio yangu. Sheria inayomhusu yeye sioni inavyoweza kuniruka mimi. Nimeshazungumza na Mama Mayai. Anasema chumba hana, lakini tenga lipo, tena kubwa.

Nisalimie mumeo na umwambie vitanda vyake ni vizuri. Nisalimie wajukuu, mmoja mmoja, asirukwe mtu. Wasalimie wauguzi wenzako, na matroni umsalimie kwa namna ambayo haitaharibu mazungumzo yetu yajayo.

Ni mimi, kwa utii wote unaowezekana kwa mtu aliyekulea,

Baba yako,
Chumba cha Nyuma.

Nyongeza: Kabla sijaipenyeza barua hii chini ya mlango wako, nimetoka kwenda kuihakiki hoja ya tano, maana jua limezama na sijasikia kitu. Mgeni yuko ufito wa juu, katikati, ametanua mabawa. Mapacha wamejibanza kulia na kushoto kwake, wamefumba macho. Karani amepanda mara moja na hakushuka. Nikiwa nimesimama hapo, Shangazi alijaribu kuweka mguu. Mgeni akamdonoa kichwani, huku akitazama upande mwingine. Sasa Shangazi amelala chini, karibu na mlango. Banda zima kimya, nawe unakoroma kwa raha ambayo sijaisikia tangu ukiwa mtoto. Haja ya kumrudisha mtu naona haipo tena, nami nimefungua sanduku nililokuwa nimeanza kulifunga. Barua ibaki kama ilivyo, kwa marekebisho haya tu: popote palipoandikwa Mgeni, pasomeke Shangazi, na popote palipoandikwa Shangazi, pasomeke Mgeni. Msimamo wangu haujabadilika.